Kwenda Msuka na Watoto

Shule zikifungwa watoto hutaka bahari. Wengi wetu huwapeleka ufukwe ulio karibu, wenye watu tele na kelele. Mwezi huu twende mbali kidogo, Msuka, huko kaskazini mwa kisiwa cha Pemba, ambako familia yaweza kukaa ufukweni asubuhi nzima bila kusongwa na mtu.

Meli kutoka Unguja hutia nanga Mkoani, kusini mwa kisiwa. Kutoka hapo unapanda daladala hadi Chake Chake, kisha nyingine hadi Konde. Njia ina vilima, mikarafuu na kona nyingi, kwa hiyo mtoto mwepesi wa kutapika akae dirishani. Konde nunua maji, mkate na ndizi. Mbele ya hapo magari ni machache, basi uliza gari la mwisho la kurudi huondoka saa ngapi kabla hujapanda la kwenda.

Vighuba vingine havifikiki kwa gari. Itabidi upatane na mvuvi mwenye mashua. Kabla ya bei, muulize habari za maji. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, hutoka mbali sana. Mashua ikikwama, mtangoja juani kwa saa nyingi na mtoto mchanga mgongoni. Kusi likivuma kwa nguvu, kati ya Juni na Agosti, nahodha akasema leo hapana, usimbembeleze.

Nawe pia uwe tayari kusema hapana. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama ikielekea Pemba, imejaza watu kupita kiasi. Mamia walikufa, wakiwamo akina mama na watoto wengi. Taarifa za wakati ule zilisema wapo waliokataa kupanda walipoona ilivyojaa. Jambo hilo si rahisi: nauli imelipwa, mizigo imepakiwa, baba anasema tutabanana tu. Shuka, mama. Meli nyingine itakuja. Na kwenye mashua ni hivyo hivyo: kila mtoto avae jaketi la kuokolea maisha la kipimo chake, kwa maana la mtu mzima humvuka majini.

Wenyeji wa Msuka ni Waislamu. Ukitoka ufukweni jifunge kanga vizuri, wewe na binti zako, na ukifika kijijini salimu wazee kwanza. Ndipo utakapoonyeshwa njia nzuri, na pengine dafu.

Nguo kavu zitie katika ndoo yenye mfuniko. Mtoto akichafukwa na tumbo baharini, ndoo hiyo hiyo itakufaa, bora uwahi kutoa nguo.