Kabla ya Bati na Madawati

Kwa wazazi, walimu wakuu, wajumbe wa kamati za shule na maofisa elimu kata wa wilaya za vijijini, Tanzania.

Huku Marekani, makundi ya WhatsApp ya watu waliotoka wilaya moja huchangamka kila shule zinapofunguliwa. Januari huombwa madawati na bati. Katikati ya mwaka huombwa mchele na maharage ya kambi ya darasa la saba. Michango hukusanywa, picha za jengo jipya hutumwa, watu hushukuriana. Walioko nje hawajutii hata shilingi moja ya michango hiyo, na barua hii haiji kufunga mkono uliozoea kutoa. Inakuja na ombi: pamoja na makadirio ya fundi, itumwe pia hesabu ya watoto wa darasa la pili wanaoweza kusoma hadithi fupi ya Kiswahili na kueleza walichokisoma.

Ombi hilo limetokana na yaliyotokea Mississippi, jimbo lililo miongoni mwa maskini kabisa nchini Marekani. Ukanda wake wa Delta ni nchi ya mashamba ya pamba na miji midogo, wakazi wengi wakiwa Wamarekani weusi, na wilaya nyingi za shule huko zina shule za kuhesabika kwa vidole. Mwaka 2013, katika upimaji wa kitaifa wa kusoma kwa darasa la nne, unaojulikana kwa kifupi kama NAEP, Mississippi ilikuwa ya 49 kati ya majimbo 50. Kufikia 2019 ilikuwa imefika wastani wa taifa. Mwaka 2024 ilishika nafasi ya 9, kwa alama 219 wakati wastani wa taifa ulikuwa 214.

Jimbo halikutajirika katika miaka hiyo. Lilichofanya ni kutunga sheria ya kusoma mwaka huohuo wa 2013, chini ya gavana Phil Bryant, na kumkabidhi utekelezaji mkuu mpya wa elimu, Carey Wright. Tangu chekechea hadi darasa la tatu, kila mtoto alipimwa kusoma mara kadhaa kwa mwaka. Alipoonekana amekwama, mzazi aliandikiwa barua akielezwa tatizo ni lipi na shule itafanya nini. Walimu walisomeshwa upya namna ya kufundisha sauti za herufi na kuziunganisha kuwa maneno, jambo ambalo vyuo vingi vya ualimu vilikuwa vimelipuuza kwa miaka. Jimbo likaajiri wakufunzi wa kusoma na kuwapeleka kwenye shule zilizokuwa mkiani. Mkufunzi hakuja na faili la kukagua. Aliketi darasani, akamwona mwalimu akifundisha, akafundisha mwenyewe mwalimu akimtazama, kisha akarudi tena na tena.

Sheria hiyo ina upande mchungu pia. Mtoto asiyefaulu mtihani wa kusoma wa darasa la tatu, hata baada ya kupewa nafasi ya kurudia, hukariri darasa isipokuwa ana sababu maalumu. Wapo wanaosema kukaririshwa huko ndiko kunakopandisha alama za darasa la nne, na katika kusoma kwa darasa la nane jimbo bado liko nyuma ya wastani wa taifa. Hoja hizo zina uzito. Kwa hiyo barua hii haishauri mtoto yeyote akaririshwe. Kinachofaa kuigwa ni ile kazi ya miaka inayotangulia mtihani.

Kuhusu mipango ya kuboresha shule, Marekani yenyewe ilipitia njia ndefu. Sheria ya mwaka 2002 iliweka lengo kwamba ifikapo 2014 kila mwanafunzi awe amefikia kiwango katika kusoma na hesabu. Lengo halikufikiwa, na shule nyingi zilitumia miaka hiyo kukimbizana na mitihani. Sheria iliyofuata, ya Desemba 2015, inayataka majimbo yazitambue shule zilizo katika asilimia 5 ya mwisho miongoni mwa zile zinazopata fedha za serikali kuu kwa ajili ya watoto wa familia maskini. Shule iliyotambuliwa hivyo huandikiwa mpango, na wazazi na walimu lazima washirikishwe kuuandika. Mpango huo sharti uanze na uchunguzi wa mahitaji, utumie njia zilizothibitishwa na utafiti, na uonyeshe ni wapi rasilimali hazigawanywi kwa haki. Mara nyingi hufika mbele ya bodi ya shule ya wilaya, inayokutana hadharani, mahali ambapo mkulima anaweza kusimama na kuuliza kwa nini mwalimu wa kusoma aliyeahidiwa hajafika.

Tanzania haianzii sifuri, tena kwa jambo hili ina ushahidi wake yenyewe. Matokeo ya kidato cha nne yaliyotangazwa Februari 2013, ambapo takriban watahiniwa sita kati ya kumi walipata daraja sifuri kabla ya matokeo hayo kupangwa upya, yaliitikisa nchi. Mwaka huo ukaanza mpango wa serikali wa Matokeo Makubwa Sasa. Shule zilipangwa kwa nafasi kitaifa na ndani ya wilaya, zikapewa rangi, kijani kwa zilizofanya vizuri na nyekundu kwa zilizoanguka. Watafiti Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin walifuatilia takwimu za shule za msingi za nchi nzima kuanzia 2011 hadi 2016. Waligundua kwamba shule zilizokuwa mkiani mwa wilaya zao zilipanda kweli. Waligundua pia kwamba shule hizo zilianza kuwachuja wanafunzi ili wasifike darasa la saba.

Hapo pana uchungu. Mtoto dhaifu, aliyestahili kusaidiwa kwanza, aligeuka mzigo wa kutupwa njiani ili wastani wa shule upendeze. Baraza la Mitihani lilipoacha, Januari 2023, kutangaza shule bora katika matokeo ya kidato cha nne, lilifanya jambo jema. Ila ukutani mwa ofisi nyingi za elimu, na vichwani mwa wazazi wengi, orodha ile bado imebandikwa.

Ushahidi wa pili unawagusa moja kwa moja walioko ughaibuni. Katika majaribio ya KiuFunza yaliyoendeshwa na shirika la Twaweza, shule za msingi 350 katika wilaya 10 zilifuatiliwa kwa miaka miwili, 2013 na 2014. Kundi la kwanza lilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi. Kundi la pili halikupewa ruzuku. Walimu wake waliahidiwa malipo kwa kila mtoto wa darasa la kwanza hadi la tatu atakayeonyesha kwamba anajua stadi husika. Kundi la tatu lilipata vyote viwili, na kundi la nne halikupata kitu. Ruzuku peke yake haikuinua alama za watoto. Motisha peke yake ilileta dalili za nafuu tu. Vilipokwenda pamoja, watoto walijifunza zaidi kwa kiwango kinachoonekana wazi.

Maana yake kwa wachangiaji ni nzito: fedha isiyofungamanishwa na kujifunza kwa mtoto inaweza kuishia kwenye vitu vinavyopigwa picha. Darasa lisilovuja linahitajika, hakuna anayebisha. Lakini bati halimfundishi mtoto kuunganisha ba, be, bi.

Mpango wa maendeleo wa shule, ule unaoandaliwa na kamati na kupelekwa halmashauri, ndio mahali pa kurekebisha hili. Uanze na majina. Mwalimu wa darasa la pili amwite mtoto mmoja mmoja, amsomeshe silabi, kisha maneno, kisha aya fupi, na aandike kila mmoja amefikia wapi. Kwa watoto hamsini hiyo ni kazi ya siku chache, na haihitaji mashine wala mtaalamu kutoka mjini. Kiswahili husomwa kama kilivyoandikwa, neema ambayo watoto wa Mississippi hawana katika Kiingereza chao, kwa hiyo mtoto akifundishwa vizuri hachelewi kufunguka. Baada ya hapo watoto wapangwe katika makundi kulingana na walipofikia, kila kundi lipewe mwalimu na saa yake ya kila siku, na upimaji urudiwe kila muhula.

Nani atamsaidia mwalimu huyo? Kenya, katika mpango wa Tusome ulioanza kitaifa mwaka 2015, maofisa wa karibu na shule walipewa tableti, wakawa wanaingia madarasani, wanaangalia somo, wanawapima watoto wachache na kumshauri mwalimu papo hapo. Nauli zao zilirudishwa kulingana na masomo waliyoyaona. Tanzania ina afisa elimu kata katika kila kata, na wengi wao walipewa pikipiki kwa kazi hiyohiyo. Mara nyingi afisa huyo amegeuzwa mpeleka taarifa, huku pikipiki ikikosa mafuta. Lita chache za petroli kwa wiki ni mchango mdogo sana kuliko bati, na unafika darasani kwa njia fupi kuliko yote.

Ndugu wazazi, kwenye mkutano ujao wa shule mwalimu mkuu aombwe kusoma hadharani, bila kutaja jina la mtoto yeyote, ni wangapi wa darasa la pili wanaosoma, wangapi hawasomi, na nani atawafundisha hadi muhula uishe. Hesabu hiyo iandikwe kwenye muhtasari na kutumwa huku pamoja na orodha ya mahitaji. Vitabu vya hadithi, mafuta ya afisa elimu kata na posho ya mwalimu anayebaki na watoto jioni vitachangiwa kwanza, kabla ya bati na kabla ya kambi ya darasa la saba.