Wadudu wa matumbawe: dawa haitoshi kama mulango unabaki wazi

Katika nyumba nyingi za Ulaya na Marekani kuna watu wanaofuga bahari. Wananunua sanduku kubwa la vioo, wanatia ndani maji ya chumvi, mawe, pampu na taa kali, kisha wanapanda matumbawe. Kazi hiyo inakula feza. Kipande kidogo cha aina inayotafutwa sana, chenye urefu wa kidole, kinaweza kufikia mamia ya dola. Lakini siku moja rangi inaanza kupauka, nyama inatoka ku mifupa, na mwenyewe anagundua kama wadudu wameingia. Hapo swali linakuwa lile lile kila mara: dawa gani itawaua?

Swali hilo si baya, lakini linakuja nyuma. Swali la kwanza lingepaswa kuwa: wadudu hao walipita wapi? Jibu linajulikana. Waliingia pamoja na tumbawe lililonunuliwa, juu ya jiwe lake, na mara nyingi wakiwa bado mayai. Hakuna mududu wa bahari anayetembea barabarani mupaka ndani ya chumba cha mutu. Alibebwa, alilipiwa, na alifunguliwa mulango.

Kwa mukaaji wa Bukavu, Uvira ao Kalemie, neno matumbawe linaweza kuwa geni, kwa sababu viumbe hao hawaishi katika maji matamu ya maziwa yetu. Tumbawe linafanana na jiwe ao na muti mudogo, lakini ni kundi la wanyama wadogo wanaoishi pamoja, na wengi wao wanajijengea mifupa ya chokaa. Miamba yao inafunika chini ya asilimia 1 ya sakafu ya bahari, lakini karibu robo ya aina za viumbe vya bahari inategemea miamba hiyo. Iko ku pwani ya Kenya na Tanzania, na zaidi katika inchi kama Indonesia, Fiji na Australia, ambazo zinauzia ulimwengu sehemu kubwa ya matumbawe ya akwariamu. Biashara ya matumbawe magumu kati ya inchi na inchi inasimamiwa na mapatano ya CITES, kwa sababu yakikatwa ovyo yanaweza kuisha.

Hapo ndipo uzito wa jambo unaonekana. Tumbawe likikufa nyumbani kwa mutu, si pambo tu limepotea. Mara nyingi mwenyewe atanunua lingine, na pengine hilo lingine litakatwa tena ku mwamba wenyewe. Mufugaji mwenye uzembe anarudisha mukono wake baharini hata kama anaishi mbali na bahari.

Wadudu wenyewe ni wa namna nyingi. Kuna munyoo bapa unaokula matumbawe ya jamii ya Acropora. Rangi yake inafanana sana na ya tumbawe linalomulisha, kiasi kwamba macho yanamupita. Wafugaji waliujua munyoo huo miaka mingi. Wataalamu waliupatia jina la kisayansi mwaka wa 2011, na nyuma ya hapo ndipo ulionekana baharini, ku miamba ya Australia. Hilo peke yake ni fundisho: ndani ya bahari kubwa munyoo huo ni vigumu kuuona, lakini ndani ya sanduku la vioo unageuka tauni. Hakuna samaki wa kutosha wa kuuwinda, mawimbi hayaupeleki mbali, na chakula chake kimepandwa karibu karibu kama mihogo shambani.

Kuna pia mududu mwekundu, ndugu mudogo wa kosakosa, mwenye urefu wa nusu milimita, ambaye anaenea juu ya Acropora na kuidhoofisha. Kuna konokono wasio na gamba wanaokula matumbawe ya jamii ya Montipora na kutaga mayai chini yake, mahali taa haifike. Kuna tena Aiptasia, anemoni ndogo inayochoma majirani zake. Huyu ni mujanja zaidi: mutu akimukata ao kumuponda, kila kipande kinachobaki kinaweza kukua na kuwa Aiptasia mupya. Anayefikiri amemuua mumoja anaamuka kisha masiku na kukuta kumi.

Dawa ziko. Kwa mududu mwekundu, wafugaji wanatumia milbemycin oxime, dawa ambayo waganga wa mifugo wanawapa imbwa juu ya minyoo ya moyo. Inafanya kazi. Lakini ikitiwa katika sanduku zima, inaua pia kosakosa, kaa na wadudu wengine wadogo wazuri wanaosafisha maji. Kwa munyoo bapa na konokono, tumbawe linatolewa na kuoshwa katika chombo cha pembeni chenye maji ya chumvi na dawa, kwa dakika chache, huku maji yakipulizwa juu yake ili wadudu waachilie. Wamoja wamefika hata kutumia dawa ya kuua wadudu wa bustani yenye imidacloprid, ile ambayo Umoja wa Ulaya uliikataza mashambani mwaka wa 2018 kwa sababu ya kulinda nyuki. Haikutengenezwa kwa ajili ya matumbawe, na yule anayeimwaga kisha kazi katika mufereji anapeleka sumu kwa viumbe ambao hawakumukosea kitu.

Zaidi ya hayo, dawa hizo zote ziko na mupaka mumoja: haziui mayai vizuri. Munyoo mukubwa anaanguka katika chombo, mwenyewe anafurahi, anarudisha tumbawe mahali pake. Mayai yanabaki yameshikamana ku mifupa. Kisha masiku kadhaa, kufwatana na joto la maji, watoto wanatoka na vita inaanza upya. Ndiyo sababu wafugaji wenye uzoefu wanarudilia kuosha kila juma, kwa majuma manne, sita ao zaidi, na kila mara wanakwangua mayai kwa kisu na kutupa kile kibao kidogo ambacho tumbawe lilikuja limebandikwa juu yake. Mwenye kuosha mara moja na kutangaza ushindi amepoteza feza yake na wakati wake.

Kwa hiyo njia yenye maana ni karantini. Tumbawe lolote jipya lingepaswa kupita kwanza katika sanduku dogo la pembeni, lenye maji yake, pampu yake na vyombo vyake, kwa mwezi mumoja na nusu hivi. Huko linaoshwa, linachunguzwa kwa lensi, na usiku linamulikwa kwa taa, kwa sababu wadudu wengi wanatoka katika giza. Kama mududu anaonekana, anaonekana ndani ya chumba cha wagonjwa, hapana katikati ya mugini. Na kama munyoo bapa umekwisha kuingia katika sanduku kubwa, basi Acropora zote zinapaswa kutolewa na kutunzwa pembeni, ili munyoo uliobaki ukose chakula na kufa. Ni kazi ya kuchosha, lakini inafika ku muzizi wa tatizo.

Wafugaji wamoja wanapinga. Wanasema karantini ni ya matajiri: sanduku la pili, taa ya pili, chumvi ya pili. Wanasema tena kama tumbawe dhaifu linaweza kufa katika sanduku dogo lenye maji yasiyotulia. Hoja hiyo ya pili iko na ukweli, na ndiyo sababu sanduku la karantini linapaswa kutayarishwa mbele ya kununua, hapana jioni ile ile mugeni anapofika. Lakini hoja ya feza haisimame. Mutu aliyepata mamia ya dola ya kununua tawi moja hawezi kusema amekosa ndoo safi, pampu ndogo na taa ya kiasi. Na asiyeweza kungoja majuma sita pengine hakupaswa kuanza kufuga kiumbe kinachokua polepole namna hiyo.

Lakini haifai kumutwika munununuzi muzigo wote. Wauzaji wengi wanaandika kama tumbawe limekwisha kuoshwa, na wanaishia hapo. Kuosha mara moja, mayai yakiwa bado hai, si uhakikisho. Muuzaji ndiye anayepokea matumbawe kutoka pembe zote na kuyaweka katika maji mamoja. Kwake ndipo wadudu wanasambazwa kwa wanunuzi mia. Ingekuwa haki aseme wazi tarehe tumbawe lilipofika na namna alivyolitunza. Mwenye kuuza mbuzi mugonjwa sokoni anahesabiwa kosa. Mwenye kuuza munyoo juu ya tumbawe asipewe sifa.

Kuna pia hatari kwa mutu mwenyewe. Matumbawe mamoja laini ya jamii ya zoanthidi yanabeba sumu inayoitwa palitoksini, moja ya sumu kali zaidi zinazopatikana katika viumbe. Mutu anayetaka kuondoa viumbe hao ku jiwe na kulichemsha, ao kulimwangia maji ya moto, anaweza kuvuta mvuke wenye sumu. Mwaka wa 2018, katika kijiji cha Steventon huko Uingereza, familia ilipelekwa hospitali kisha kusafisha akwariamu yenye matumbawe ya namna hiyo. Asiyejua anachoua asikiue kwa moto, na asiguse bila kinga ya mikono na macho.

Na mwishoni kuna wale wanaochoka na kumwaga yote baharini. Majani ya Caulerpa taxifolia yalionekana baharini karibu na Monaco mwaka wa 1984, kisha yakaenea katika Mediterania. Mwaka wa 2000 yalikutwa katika ziwa la chumvi la Agua Hedionda, California. Kuyafunika na kuyaua kwa klorini kulichukua miaka sita na mamilioni ya dola. Yote hayo yalitokana na majani ya akwariamu.

Watu wa Kivu na Tanganyika hawahitaji mwalimu wa mbali juu ya hilo. Gugu lenye maua mazuri lililotoka Amerika ya Kusini lilifunika muto Kongo katika miaka ya 1950, na watu wakaliita Kongo ya sika. Sambaza waliletwa kutoka Tanganyika mupaka Kivu mwishoni mwa miaka hiyo hiyo ya 1950, kwa makusudi, na wamelisha familia nyingi. Lakini samaki mwingine wa Tanganyika, Lamprichthys tanganicanus, ambaye wafugaji wa akwariamu wanamupenda kwa sababu ya madoa yake yanayongaa, alionekana katika Kivu mwaka wa 2006 bila mutu kutangaza kama amemuleta, na sasa anagawana chakula na sambaza. Mara moja mulango ulifunguliwa kwa mupango. Mara ya pili hakuna aliyelinda.

Tanganyika yenyewe inauza samaki wa mapambo kwa walimwengu. Wavuvi na wauzaji wa Uvira, Kalemie na Moba wako na nafasi ya kujifunza kutokana na shida za matumbawe: samaki atengwe na kuchunguzwa mbele ya kusafirishwa, maji na samaki wa ziwa moja wasimwagwe katika ziwa lingine, na wakubwa wa uvuvi wafuatilie hilo ku bandari. Gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na kutafuta dawa ya ziwa zima. Sanduku la vioo linaweza kutolewa maji na kuoshwa upya. Ziwa Kivu haliwezi.