Unga wa Kokeini na Zamu ya Usiku



Wengi wetu husema kokeini ni taabu ya matajiri, haituhusu sisi watu wa reli. Lakini Desemba 2004 zaidi ya tani moja ya unga huo ilikamatwa Malindi na Nairobi, na leo twasikia wenzetu wa zamu ya usiku wakiambiwa na wauzaji kwamba ukivuta kidogo tu hutasinzia hata kuche.

Maneno hayo si mapya. Katika miaka ya 1890 makuli wa bandari ya New Orleans, Marekani, walitumia kokeini wapate kupakia meli kwa masaa mengi bila kulala. Mwenye meli alipata faida. Kuli naye alikuwa akitumia leo nguvu za kesho.

Maana unga huu haumpi mtu nguvu. Wamfanya asisikie uchovu, na uchovu ni kama signali nyekundu: ukiizima taa yake, gari lililo mbele bado liko pale pale. Moyo waenda mbio, presha yapanda, na mishipa ya damu yajibana. Yaani moyo wataka damu zaidi wakati ule ule njia ya damu imekuwa nyembamba. Ndiyo sababu hata kijana mwenye afya aweza kuanguka akafa. Madaktari wa Marekani walipima jambo hili mwaka 1999, wakaona katika saa ya kwanza hatari ya mshtuko wa moyo huongezeka mara 24 hivi. Wengine mshipa hupasuka kichwani wakapooza. Avutaye kwa pua, ukuta wa katikati ya pua huoza ukatoboka. Akichanganya na pombe, ini hutengeneza sumu nyingine ikaayo mwilini zaidi.

Na nguvu hiyo ya uongo haikai hata saa nyingi. Ikiisha, uchovu wote hurudi pamoja, na mtu bado yuko kazini, tena katikati ya reli.

Mwenzetu mmoja alianguka usiku akishika kifua. Daktari alipomwuliza ametumia nini, akajibu chai tu, kwani aliogopa kufutwa kazi. Sisi tuliompeleka tulijua, tukanyamaza. Hapo tulikosa sana. Dawa nyingine wapewazo wagonjwa wa moyo zaweza kumdhuru aliye na kokeini mwilini. Asubuhi ndipo alipomnong'oneza nesi ukweli, naye akapona. Wakati mwingine tutasema wenyewe, akasirike akitaka.

Basi twaomba halmashauri ya chama ipeleke mambo mawili kwa wakubwa: memba ajitokezaye mwenyewe atibiwe, asifutwe; na zamu za usiku zinazofuatana bila mapumziko zipunguzwe. Tutalileta neno hili katika mkutano wa tawi Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Mwenye hofu na aje tu, hatutaandika majina.