Mgongo usikandwe kabla ya mwendo kuangaliwa

Goma na Bukavu, wengi wanaoishi kwa kubeba mizigo wanalia na mgongo. Lakini mizigo haiumizi watu namna moja. Mama anayebeba gunia kwa kamba ya paji la uso anakaza shingo. Kijana wa chukudu anaweka goti moja juu ya mbao, mguu mwingine unasukuma. Binti wa kambini anainua bidoni ya lita 20, karibu kilo 20, toka kwenye robine.

Kuwakanda wote sawasawa ni kuwapotezea pesa. Mtaalamu wa viungo, ao mkandaji wa mtaani, kwanza amwambie mgonjwa atembee, ainame, ageuke, aonyeshe namna anavyobeba. Hapo ataona kiungo kilichokakamaa na kile kinachochoka kwa kukisaidia. Kukanda na mazoezi vifuate hayo.

Tena, mwenye kulegea miguu, kushindwa kuzuia mkojo, ao mwenye homa na kukonda, asikandwe. Apelekwe hospitali haraka, kwani kifua kikuu kinashika hata uti wa mgongo. Aliyekimbia vita asilipishwe kwa mkono usiotazama.