Uzee Haung'oi Meno

Mzee akipoteza meno, hakuna anayeshangaa. Husemwa umri umefika, akapikiwa uji, yakaisha. Wanaosema hivyo hawakubuni: ukilinganisha vinywa vya watu wa miaka 60 na vya vijana wa miaka 20, mapengo yako kwa wazee. Damu inayotoka kwenye ufizi wakati wa kupiga mswaki nayo imezoeleka hadi haitajwi. Lakini mambo mawili kwenda pamoja si ushahidi kwamba moja limezaa jingine, na hapa umri unasingiziwa.

Kwanza, tuanze na ufizi wenyewe. Mwaka 1965 Harald Löe na wenzake, nchini Denmark, walichapisha jaribio dogo: watu 12 wenye fizi nzima, wengi wao wanafunzi, waliacha kusafisha meno. Ndani ya siku 10 hadi 21 ukoga ulijijenga na fizi za wote zikavimba. Waliporudia mswaki, zikapona. Hakuna anayezeeka kwa wiki tatu, wala anayerudi ujanani kwa siku chache.

Pili, mtu makini atasema uvimbe ni jambo dogo. Ugonjwa mkali, ule unaokula mfupa hadi meno yakalegea, huchukua miaka, na miaka ndiyo uzee. Hoja hii ni nzito, na jibu lake liko kwenye mashamba ya chai ya Sri Lanka. Kuanzia 1970, Löe na wenzake waliwafuatilia kwa miaka 15 wafanyakazi wanaume 480 ambao hawakuwa na desturi ya kusafisha meno wala hawakuwahi kutibiwa. Takriban asilimia 8 waliharibikiwa haraka, na kufikia miaka 45 walikuwa wamepoteza karibu meno yote. Asilimia 81 waliharibikiwa kwa wastani. Asilimia 11 hawakuvuka uvimbe. Walizeeka pamoja, mwaka kwa mwaka. Kama umri ndio mkosaji, mbona uliwasamehe hawa? Umri huupa ugonjwa muda wa kufanya kazi. Kazi yenyewe hufanywa na bakteria wa kwenye ukoga, mwitikio wa mwili wa mhusika, tumbaku na kisukari.

Machakos, Kenya, kulionekana jambo linalofanana. Utafiti wa Baelum, Fejerskov na Manji uliochapishwa 1988 ulikuta ukoga na ugaga karibu kwa kila mtu mzima, ilhali uharibifu mkubwa ulikuwa umejikusanya kwa wachache. (Hili liwafikie pia wahamasishaji wanaotishia kila atokaye damu kwamba atabaki kibogoyo. Wanatia chumvi.)

Tatu, ugonjwa mkali wa fizi hausubiri kustaafu. Makadirio ya dunia ya mwaka 2010 yalihesabu watu milioni 743, yaani asilimia 10.8, na wagonjwa wapya walikuwa wengi zaidi wakiwa na miaka 38 hivi. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2022 inataja zaidi ya bilioni moja. Hesabu hizi mbili zina mbinu tofauti, hivyo tusiseme umeongezeka. Inatosha kwamba umewakuta watu wakiwa bado wanalea na kulipa karo.

Inabaki hoja ya mwisho: ugonjwa wa fizi hauui, na wizara zina malaria ya kushughulikia. Ni kweli, ingawa haituamuru kuuacha. Kisukari huuzidisha ugonjwa wa fizi, na fizi zinazougua hufanya sukari iwe ngumu kudhibitiwa. Mapitio ya majaribio mengi yameonyesha kwamba kukwangua ugaga na kutibu fizi hushusha sukari kwa kiasi cha kupimika katika miezi michache. Wala haihitajiki bajeti mpya kuanza. Kliniki ya kisukari tayari hutakiwa kumpima mgonjwa damu na kumkagua macho na nyayo. Kumwambia afungue kinywa ni suala la dakika moja.