Vigari vya Watoto Viingie Darasani

Mtu apitaye katika vijiji vya Bahi, Chamwino au Kongwa baada ya mavuno ya mtama na uwele hawezi kukosa kuwaona watoto wakishindana kwa magari. Magari yenyewe wameyaunda wao. Bodi ni la waya au la mabua, magurudumu yamekatwa katika soli za kandambili zilizochakaa, na usukani ni waya mrefu unaofika kifuani mwa dereva. Dereva huyo hukimbia kwa miguu nyuma ya gari lake, huku akinguruma kwa mdomo na kubadilisha gia. Wakikutana watano, mashindano huanza hapo hapo. Aliyeshindwa haendi kulia kwa mama yake, bali huketi chini na kulifungua gari lake, maana anajua kwamba si miguu yake peke yake iliyomwangusha.

Kengele ya shule inapolia, gari hilo hufichwa kichakani. Katika shule moja ya msingi niliyopata kuitembelea, nyuma ya ofisi ya walimu palikuwa na rundo la vigari vya namna hiyo, vimenyang'anywa na kupondwapondwa. Nilipouliza sababu, nilijibiwa kwamba wenye navyo ndio hao hao wasiojua kusoma. Nikaokota kimoja. Magurudumu yake ya mbele yalikuwa yakikata kona yote mawili kwa pamoja, yakivutwa na usukani mmoja kwa vipande vinne vya waya vilivyounganishwa kwa ustadi. Mwenyewe alikuwa mtoto wa darasa la tatu, na daftari lake la hisabati lilijaa alama za kukosa.

Hapana budi tujiulize ni nani hasa aliyeshindwa pale. Mwezi Machi 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alionya juu ya shule inayomtenga mtoto na maisha ya jamii yake na kumfanya aamini kwamba maarifa yote ya maana yamo vitabuni. Miaka mingi imepita, sera zimebadilishwa, na mitaala mipya iliyoanza kutumika mwaka 2024 imeweka mkondo wa amali katika shule za sekondari. Hiyo ni hatua njema. Lakini mtoto wa Bahi anaanza amali yake akiwa na umri wa miaka sita, na sisi tunaipondaponda nyuma ya ofisi, kisha tunangoja afike sekondari ndipo tumrudishie.

Tuchukue gurudumu moja tu la kandambili, lenye kipenyo cha sentimeta 7. Mwalimu na alitie alama ya chokaa ukingoni, alibiringishe juu ya ardhi mpaka alama irudi chini, kisha watoto wapime umbali huo kwa rula. Watapata sentimeta 22 hivi. Walibiringishe gurudumu kubwa zaidi, na hata ringi ya baiskeli, wagawanye mzingo kwa kipenyo, na kila mara watapata tatu na kitu kidogo. Mtoto aliyeipata pai kwa namna hiyo hatahitaji kuikariri kama dua asiyoijua maana yake. Tena ataweza kukokotoa, bila kuambiwa, kwamba gurudumu lake litazunguka mara 200 ili gari limalize njia ya mita 44.

Baada ya hapo uje mwendo. Kigari kilichokwenda mita 20 kwa sekunde 5 kimekwenda mita 4 kila sekunde, yaani kilomita 14.4 kwa saa. Watoto wa Ihumwa wanaiona kila siku treni ya umeme, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, na yenye uwezo wa kwenda kilomita 160 kwa saa. Waulizwe treni hiyo inakizidi kigari chao mara ngapi. Jibu ni mara 11 na ushei, nao watalipata kwa furaha kwa sababu wanavijua vyote viwili. Kisha waulizwe swali gumu zaidi: gari limepanda mlima wa mita 24 kwa mita 2 kila sekunde, likateremka njia ile ile kwa mita 4 kila sekunde; je, wastani wa mwendo wake ni upi? Wakubwa wengi watajibu 3 bila kusita. Mtoto mwenye saa mkononi atasema gari lilipanda kwa sekunde 12 na kushuka kwa sekunde 6, hivyo limekwenda mita 48 kwa sekunde 18, na hizo hazifiki 3. Ningependa kuwaona baadhi yetu tunaokaa maofisini tukisahihishwa na mtoto huyo.

Sayansi nayo haihitaji maabara ya kigeni. Ubao mmoja ulioegemezwa kwenye mawe unatosha. Kigari kiteremshwe juu ya udongo mgumu, kisha juu ya mchanga, na msuguano utajieleza wenyewe. Ekseli ipakwe tone la mafuta ya alizeti, ambayo mkoa huu hauna uhaba nayo, na tofauti itaonekana papo hapo. Mawe yapakiwe juu kabisa ya bodi, kisha yapakiwe chini, na watoto waone ni lipi kati ya magari hayo mawili linalopinduka kwenye kona. Wapandishe kichwa cha ubao mara mbili juu zaidi, nao watashangaa kwamba gari halikimbii mara mbili. Kwa kukadiria, huhitaji kukipandisha mara nne ndipo mwendo wa chini uwe mara mbili, na gari hilo likiingia mchangani litakwenda umbali wa karibu mara nne kabla ya kusimama. Hiyo ndiyo siri ya breki. Dereva wa basi anayezidisha mwendo wake mara mbili anahitaji umbali mara nne ili asimame, naye mara nyingi hajui, kwa sababu hakuna aliyempa ubao na kigari alipokuwa mdogo.

Jambo hili kwetu si mchezo. Tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria iliyokuwa ikipanda mlima karibu na Igandu, mkoani humu, ilianza kurudi nyuma, ikashindikana kuzuiwa, ikateremka kwa kasi mpaka ikaigonga treni ya mizigo. Watu 281 walipoteza maisha. Simwambii mtu yeyote kwamba kigari cha waya kingeliwaokoa marehemu wale. Nasema kwamba katika nchi ya milima na reli, mtoto kufahamu mteremko unavyokifanya chombo kizito ni elimu ya lazima, kama vile mtoto wa pwani kufahamu maji.

Na kusoma je? Hapa ndipo ninapopingwa zaidi. Watoto wengi wa vijijini huku husikia Kigogo au Kirangi nyumbani kabla ya Kiswahili. Neno “msuguano” likiandikwa ubaoni peke yake ni mlio mtupu; likiandikwa baada ya gari kukwama mchangani, lina mahali pa kukaa. Mwalimu wa darasa la pili na aanze na majina: kila gari liandikwe jina lake ubavuni kama mabasi yanavyoandikwa, na mwenye gari alisome mbele ya wenzake. Wa darasa la nne waandike namna ya kuunda gari, hatua kwa hatua, kisha karatasi ipewe mtoto wa shule jirani ambaye hajaliona gari lenyewe, aliunde kwa kusoma tu. Likitoka kombo, mwandishi atajua sentensi ipi ilikuwa mbovu. Mimi sijapata kuona mtihani wa insha ulio mkali kuliko huo.

Wapo watakaosema kwamba mbio za magari ni anasa ya matajiri na ugeni. Ni kweli kwamba mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 kwa ajili ya kusherehekea kutawazwa kwa malkia wa Uingereza, na sina sababu ya kuyasifu kwa hilo. Lakini Joginder Singh wa Kenya, aliyeyashinda mara tatu, mwaka 1965, 1974 na 1976, aliinukia katika ufundi wa magari. Naye Bert Shankland, aliyeyashinda mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, alikuwa mkazi wa Tanzania. Walishinda kwa kuyajua magari yao. Mwaka huo huo wa 1953, huko California, skauti wadogo walianza kushindanisha vigari vya msonobari juu ya ubao wenye mteremko, na siku hizi yapo mashindano ya shule yaliyoanzia Uingereza, ambapo wanafunzi hubuni vigari na kuvirusha kwa gesi katika njia ya mita 20. Wenzetu hao hununua vifaa. Watoto wetu wanavyo tayari, na hawakumwomba mfadhili yeyote.

Pingamizi ninaloliheshimu ni la walimu wenyewe. Mwalimu mwenye darasa lililofurika hawezi kumpa kila mtoto ubao na saa. Basi na aanze na gari moja kwa kila watoto kumi, nje, chini ya mbuyu, kipindi kimoja kwa juma. Wasichana wawe madereva na mafundi sawa na wavulana, maana wao hawakosi akili ya kuunda gari. Wanachokosa ni muda, kwa kuwa wakati kaka zao wanakimbiza magari wao wako kisimani. Kipindi cha shule ndicho pekee kinachoweza kuwapa muda huo.

Napendekeza mbio hizo ziingizwe katika UMITASHUMTA, zianzie ngazi ya kata, na fainali ya mkoa ifanyike Nzuguni wakati wa Nane Nane, pale wazazi wanapokuja kutazama ng'ombe na mbegu. Sharti liwe moja lisilolegezwa: gari lolote lenye kitu kilichonunuliwa dukani liondolewe mstarini, na mshindi asipewe zawadi mpaka asimame mbele ya watu, asome karatasi aliyoiandika mwenyewe, na aeleze kwa hesabu kwa nini gari lake lilifika kwanza.