Baba naye aonyeshwe kadi ya kliniki

Nje ya wodi yoyote ya wazazi hapa Unguja, saa ya kutazama wagonjwa ikikaribia, wanaume husimama na vikapu. Ndani ya kikapu mna chupa ya uji wa pilipili manga, kanga mbili zilizofuliwa, pengine na tende. Mama mkwe ndiye anayekipokea na kuingia nacho. Mume hubaki chini ya kivuli na simu mkononi. Akipigiwa, huwa ni moja kati ya matatu: lete pesa, tafuta gari, njoo utoe damu. Yote huyafanya, tena mbio. Asichoambiwa ni maradhi gani yaliyomlaza mkewe, ambaye juzi tu alikuwa anakuna nazi.

Hapa ndipo tunapokosea. Visiwani mimba ni mambo ya wanawake: mama, shangazi, somo, mkunga. Mimba ya kwanza, mke mara nyingi hurudi kwao kujifungulia. Utaratibu huo una hekima yake na hakuna haja ya kuuvunja. Mzazi anahitaji mikono inayojua kumkanda na kumlea siku arobaini. Tatizo huja mimba inapokuwa ya hatari. Kauli ya mwisho inabaki kwa mume, kuhusu safari, nauli na mara nyingine hata ruhusa ya kutoka nyumbani, na huyo mwenye kauli ndiye asiyejua kitu.

Kifafa cha mimba kinatosha kuonyesha hatari ya ujinga huo. Kwa kawaida huanza baada ya wiki ya 20, na huweza kuanza kimyakimya: presha hufika 140 juu ya 90 au kupita, na mkojo ukipimwa huonekana una protini. Baadaye ndipo huja kichwa kisichotulia kwa dawa, macho kuona ukungu, maumivu chini ya mbavu upande wa kulia, uso na mikono kuvimba. Mume asiyefundishwa atauona uso wa mkewe umejaa na kudhani mimba imempenda.

Degedege likimshika mjamzito usiku wa manane, bado wako watakaosema ni shetani, aitwe fundi. Kombe na dua havigombani na hospitali hata kidogo. Kinachopotea ni saa. Na saa hizo zina thamani inayojulikana. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2002, uliowahusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kwamba sindano ya magnesiamu salfeti hupunguza kwa zaidi ya nusu uwezekano wa mwenye presha ya mimba kupata degedege. Ni dawa ya zamani na ya bei nafuu. Hata kabla ya kufika huko, Shirika la Afya Duniani linashauri mwanamke aliye katika hatari kubwa apewe aspirini ya dozi ndogo mapema, kabla ya wiki ya 20 ikiwezekana. Lakini hayo yote humfikia aliyekwisha kwenda kliniki.

Zanzibar si kwamba imekaa bure. Mwaka 2009 na 2010, wajawazito wapatao 2,550 wa Unguja waliingizwa katika utafiti wa mradi wa simu za mkononi; baadhi yao walitumiwa ujumbe na kuunganishwa na wahudumu wa vituo vyao. Kati ya waliotumiwa ujumbe, waliojifungua kwa msaada wa mhudumu mwenye ujuzi walikuwa asilimia 60, na kwa wale ambao hawakuwa kwenye mpango huo ni asilimia 47. Baadaye, katika Hospitali ya Mnazi Mmoja, wakunga na madaktari walipewa kijitabu cha mfukoni na semina za kila baada ya miezi michache kuhusu kumsimamia mama mwenye uchungu. Watoto waliozaliwa wafu walishuka kutoka 59 hadi 39 katika kila uzazi 1,000, kati ya mwaka 2014 na 2016.

Mradi mmoja ulimlenga mama, mwingine ulimlenga mkunga. Baba hakuwa mlengwa wa wowote kati ya hiyo miwili, na yeye ndiye anayekaa pale mambo yanapokwama mwanzo. Wataalamu wa uzazi, tangu maandishi ya Thaddeus na Maine ya mwaka 1994, hutaja ucheleweshaji wa aina tatu unaoua wazazi: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Ule wa kwanza hauna daktari wala gari la wagonjwa. Uko sebuleni.

Tazama Tumbatu. Mjamzito akianza kutoka damu, lazima avushwe kwa chombo hadi Mkokotoni, kisha apande gari kwenda Hospitali ya Kivunge, na hali ikizidi ashuke mjini. Sasa mumewe awe ni mvuvi aliyekwenda dago, simu yake haipatikani, na wazee nyumbani wanasema asubiriwe. Bahari bado haijaanza kuhesabiwa, na muda umekwisha kwenda.

Dawa ya hilo haihitaji mfadhili. Kabla ya kwenda dago, kazini hotelini au Dar es Salaam, mume amwambie mkewe mbele ya mama yake: ruhusa unayo, usiningoje. Aache nauli mahali panapojulikana na namba ya dereva aliyekubali kuamshwa usiku. Ukishafanya hivyo, hata bahari ikikukatia mtandao hujamkwamisha mtu.

Kliniki nazo zina lao. Mume huitwa siku ya kupima damu pamoja na mkewe, kisha basi, habari yake imekwisha. Kwa mimba yenye hatari aitwe tena, akalishwe kitini, afunguliwe kadi aonyeshwe safu ya presha na aambiwe namba gani ni ya kukimbia. Wanaume wengi hawaogopi damu wala usiku. Wanaogopa kuuliza, maana kuuliza mambo ya uzazi kunaonekana kujishusha. Mhudumu akianza yeye, aibu hiyo inaondoka.

Na daktari akisema mtoto atolewe wiki ya 32 ili mama aokolewe, baba aliyekwisha elezwa hatadhani anafanyiwa haraka. Tena atakuwa na kazi baada ya hapo. Utaratibu wa kumlaza mtoto njiti kifuani, ngozi kwa ngozi, ulioanzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, haumtaki mama peke yake: kifua cha baba kina joto lilelile. Shida ni muda. Sheria ya ajira ya Tanzania Bara ya mwaka 2004 ilimpa baba likizo ya siku 3 tu, ambazo kwa njiti hazitoshi hata kujua kama ataweza kunyonya. Mwashi, mvuvi na dereva wa bajaji hawana hata hizo.

Kwa hiyo wewe msomaji ambaye mkeo ni mjamzito, muombe leo akuonyeshe kadi yake. Ukiona presha imeandikwa 140 juu ya 90 au zaidi, au akikwambia kichwa hakimwachi, nenda naye kituoni leo hii. Msingoje tarehe iliyoandikwa.